Ramadhani 16: Uso wa Mtoto Huumbwa Kabla Hujajua Yupo



Ndugu zangu wa msikiti, kina baba, kina mama na vijana wetu, Alhamdulillah tumeivuka nusu ya mwezi. Leo tunazungumza kuhusu mtoto ambaye hajazaliwa, na vitu viwili vinavyoweza kuuharibu uso wake akiwa bado tumboni: moshi wa tumbaku na pombe.

Najua yuko atakayesema, "Ustadh, pombe tena? Sisi si watu wa msikiti?" Vuta subira, soma mpaka mwisho. Somo hili kila mmoja wetu ana fungu lake.

*1. Gusa chini ya pua yako*

Weka kidole hapo katikati ya pua na mdomo wa juu. Utasikia kijifereji kidogo. Tumezaliwa nacho na hatujiulizi kimetoka wapi. Basi jua kwamba hapo ndipo uso wako ulipokutana.

Katika wiki ya 4 tangu mimba kutungwa, mtoto hana uso. Kuna uwazi mdogo utakaokuwa kinywa, na umezungukwa na vinundu vitano vya nyama laini: kimoja juu, viwili ubavuni, viwili chini. Vinundu hivi hukua, husogeleana, kisha hushikana. Cha juu hutoa paji la uso na pua. Vya ubavuni hutoa mashavu na sehemu kubwa ya mdomo wa juu. Vya chini hutoa taya na kidevu. Mdomo wa juu huwa umeungana kufikia wiki ya 7 hivi. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, hufunga baadaye kidogo, mpaka kama wiki ya 12.

Vikichelewa kukutana, mtoto huzaliwa na mpasuko: wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Mtaani wanauita mdomo sungura. Hilo ni jina ambalo hakuna mtoto anayependa kuitwa, kwa hiyo hapa tutasema mpasuko.

Mwenyezi Mungu anatukumbusha katika Suratu Aal Imran, aya ya 6, kwamba Yeye ndiye anayetupa sura matumboni mwa mama zetu kama apendavyo. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Hudhayfa bin Asid (r.a.) kwamba zikipita nyusiku 42 juu ya tone, hutumwa malaika kulitia sura, na huumbwa kusikia kwake, kuona kwake, ngozi, nyama na mifupa. Nyusiku 42 ni wiki 6. Sikuileta hadithi hii ili tufanye mashindano na madaktari. Nimeileta ili uone adabu inayotakiwa: kuna kazi tukufu inafanyika ndani ya nyumba yako, na wewe huenda hata habari huna.

*2. Hesabu ya siku*

Sasa tufanye hesabu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Siku ambayo mwanamke anatarajia hedhi na haikuja, mimba tayari ina wiki 2. Akisema "labda imechelewa tu" akangoja wiki 2 nyingine, uso umeshaanza kujengwa. Akingoja mpaka mwezi wa 4 ndipo aende kliniki, mdomo umeungana, kaakaa limefunga, uso umekamilika. (Kliniki wao huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo hesabu yao huwa mbele kwa wiki 2 hivi. Msichanganyikiwe.)

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ahudhurie kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo. Na ndiyo maana nasema: ukingoja uone tumbo ndipo uache sigara, kwa upande wa uso umechelewa. Anayetaka mtoto aache kabla ya kutafuta mtoto.

*3. Moshi unafanya nini?*

Sigara inaingiza mwilini nikotini, na nikotini hubana mishipa ya damu, pamoja na inayopeleka chakula kwenye kondo la nyuma. Inaingiza pia kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa hiyo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Vinundu vyetu vitano vinatakiwa vikue haraka, kwa siku zake maalumu, na riziki yao imepunguzwa.

Mwaka 2014 ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilieleza wazi kwamba ushahidi unatosha kusema kuwa mama kuvuta sigara mwanzoni mwa mimba ni miongoni mwa sababu za mpasuko wa mdomo na kaakaa. Tena moshi huo huo hupunguza uzito wa mtoto na huongeza hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati.

Mtu atasema, "Bibi yangu alivuta na watoto wake wote wazima." Ni kweli inatokea. Wavutaji wengi hujaliwa watoto wasio na mpasuko. Lakini anayeendesha pikipiki usiku bila taa akafika salama hajathibitisha kwamba taa haina kazi. Amesalimika tu, na tunamhimidi Mungu. Wewe amana ya Mungu utaiendesha bila taa?

Shisha nayo msiifanye mchezo. Maji hayaondoi sumu, na makaa yale yanaongeza kaboni monoksaidi. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, lakini nikotini ni ile ile.

*4. Pombe na uso*

Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Ufaransa alieleza habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi, jinsi walivyofanana kwa madhara. Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa huo jina linalomaanisha madhara ya pombe kwa mtoto tumboni. Alama zake usoni ni tatu: macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji ulichokigusa, kwa watoto hawa huwa kimesawazika, hakionekani.

Kwa nini? Chembe zinazojenga uso huanzia jirani na ubongo unaochipua, kisha husafiri kwenda kwenye vinundu. Pombe hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto, na huziua chembe hizo njiani. Kinachoumiza zaidi ni kwamba ubongo unajengwa wakati huo huo. Mtoto anaweza kuwa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, mgumu wa kukumbuka. Walimu wanamchapa, wazazi wanamwita mtukutu, kumbe jeraha alilipata kabla hajazaliwa. Na wengi wa watoto walioumizwa na pombe hawana alama yoyote usoni, kwa hiyo uso mzuri usitudanganye.

Hapa hapa Afrika, katika jimbo la Western Cape kule Afrika Kusini, kuna viwango vya ugonjwa huu ambavyo ni miongoni mwa vikubwa zaidi vilivyowahi kupimwa duniani. Zamani katika mashamba ya zabibu ya huko, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Desturi ile ilipigwa marufuku, lakini ulevi iliouacha unaendelea kuwafikia watoto.

Je, kidogo tu? Mwaka 2023 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walipima kwa kompyuta picha za nyuso za maelfu ya watoto. Kwa wenye miaka 9 waliona tofauti ndogo katika umbo la pua, kidevu na macho, hata kwa watoto wa mama waliokunywa kidogo, na hata waliokunywa katika miezi 3 kabla ya mimba kisha wakaacha. Kwa wenye miaka 13 tofauti hizo zilikuwa zimefifia. Hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Iwe bia, mnazi, mbege au gongo, kinachomfikia mtoto ni kilevi kile kile.

*5. Kwa kina baba*

Sasa nije kwetu wanaume, maana mizigo yote tunapenda kuwatwika wanawake.

Katika nyumba zetu nyingi, sigara haiko mkononi mwa mama. Iko mkononi mwa baba, naye anavutia sebuleni, mke mjamzito amekaa pembeni anapika au anakunja nguo. Moshi ule una sumu zile zile, na tafiti zimeuhusisha nao pia na mpasuko. Kusimama dirishani hakutoshi, moshi unarudi ndani.

Wanachuoni wamezungumza sana juu ya hukumu ya tumbaku, wengi wa zama hizi wakiiharamisha na wengine wakisema ni makuruhu. Lakini kumdhuru mwingine hakuna mlango wa hitilafu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto wa nyusiku 42 yumo ndani ya zizi lako.

Nasema na wewe ndugu yangu ambaye adhana ya Magharibi ikilia unakula tende moja, maji kidogo, halafu mkono unaingia mfukoni. Tangu alfajiri umekaa saa 13 na zaidi bila sigara. Umefanya kazi, umepanda daladala, umekasirishwa na watu, na hukuvuta. Nani atakuambia huwezi? Mwezi huu umekuonyesha kwa mwili wako mwenyewe. Ongeza saa moja baada ya futari, kesho mbili. Ukishindwa peke yako, nenda kituo cha afya uombe msaada, hakuna aibu.

*6. Kwa dada anayeficha*

Huenda katika wanaosoma hapa kuna dada anayekunywa kwa siri, au aliyekunywa kabla hajajua ana mimba. Dada yangu, sikuandika ili ukimbie msikiti. Mlango wa toba uko wazi usiku na mchana. Kuacha leo kuna faida kubwa, kwa sababu ubongo wa mtoto unaendelea kukua mpaka siku ya kuzaliwa na baada yake. Mwambie mkunga ukweli, yeye ni mtunza siri. Na kama umezoea kunywa sana kila siku, usikate ghafla peke yako nyumbani, maana mwili unaweza kupata degedege. Nenda hospitali wakusaidie kuacha kwa usalama.

*7. Tusimtupie mama mawe*

Hili ni muhimu kuliko yote, msiliruke. Ukimwona mtoto mwenye mpasuko, usiseme "mama yake alivuta" au "alikunywa". Mpasuko una sababu nyingi: urithi, baadhi ya dawa, upungufu wa lishe, na mara nyingi haijulikani sababu ni ipi. Wengi wa mama hao hawajawahi kugusa sigara wala pombe maishani. Kumsingizia ni dhulma, na wengine wetu tunaifanya tukiwa tumefunga. Wala si laana, wala si kwamba alimcheka mtu. Kuna waume wameacha wake zao kwa sababu hii. Mcheni Mungu.

Mpasuko unatengenezwa. Upasuaji wa mdomo kwa kawaida hufanyika mtoto akiwa na miezi 3 au zaidi kidogo, na wa kaakaa kabla au karibu ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Hospitali kadhaa nchini huufanya, ikiwemo CCBRT ya Dar es Salaam, na kuna misaada ya wafadhili, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukata tamaa kwa sababu ya gharama. Wakati mnangoja, mtoto anayeshindwa kunyonya akamuliwe maziwa ya mama, anyweshwe kwa kikombe au kijiko safi akiwa ameinuliwa kichwa, na mfuate maelekezo ya muuguzi. Wengi wa watoto hawa hudhoofika kwa njaa tu, si kwa mpasuko wenyewe.

*Kazi ya leo*

▪️ Baba mvutaji: kuanzia usiku huu, hakuna sigara ndani ya nyumba. Hata ukiwa peke yako.
▪️ Mnaotarajia mtoto: acheni wote wawili kabla. Hedhi ikichelewa, pimeni mapema na muende kliniki.
▪️ Vijana: mkialikwa shisha baada ya tarawehe, kataeni kwa upole.
▪️ Sote: tukimjua mama mwenye mtoto wa mpasuko aliyejifungia ndani, tumtembelee na futari. Tumsaidie nauli ya hospitali. Hiyo ni sadaka ya Ramadhani.

Ewe Mola wetu, uliyetupa sura zetu matumboni, walinde watoto wetu ambao hatujawaona. Wape shifaa waliozaliwa na maradhi, na uwape subira wazazi wao. Tusaidie kuacha kinachotudhuru na kinachowadhuru tuliowekewa amana. Aamin.

Mtumie mwenzio, hasa mwenye mke mjamzito. Maswali tutayajibu inshaallah baada ya Swala ya Alasiri msikitini. Kina mama, leteni yenu kwa Ukhti wa darasa.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.