DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Miaka minane, na miwili ya hiari



Ndugu zangu, leo tuseme na wenye wafanyakazi majumbani. Yaani wengi wetu humu.

Ulimpigia simu shangazi yako Lushoto: nitafutie binti, kazi ni kumwangalia mtoto tu. Binti akapanda basi. Kufika, akakuta mtoto yupo, nguo za watu saba zipo, na maandazi ya biashara ya kukandwa alfajiri yapo pia. Sasa Ramadhani imeingia. Anapika futari ya wageni, anaosha vyombo mpaka saa tano usiku, na wa kwanza kuamka kupasha daku ni yeye. Mshahara? Uleule wa "mtoto tu".

"Mbona analala kwangu, anakula kwangu?" Sawa, lakini ndivyo mlivyokubaliana?

Fungua Suratul Qasas, aya ya 27 na 28. Nabii Musa (a.s.) amefika Madyan mkimbizi, hana kitu. Mtu wa hali ile ungempa sharti lolote angekubali. Yule mzee hakumvizia. Alimtajia miaka minane ya kazi, tena mapema, na akaeleza kuwa akifikisha kumi itakuwa hisani yake Musa. Hakutaka kumtaabisha. Naye Musa akaweka wazi kwamba akitimiza muda wowote kati ya hiyo asidaiwe zaidi, na Allah ndiye shahidi wao. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Musa alitimiza ule mrefu. Ziada iliombwa kwa uungwana, ikatolewa.

Tunalia mabinti zetu wakienda Uarabuni wakakuta kazi siyo waliyoambiwa. Tuna haki ya kulia. Ila huyu wa jikoni kwetu naye ana mama yake Lushoto. Na hata sheria ya nchi, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi kazi yake, saa zake na ujira wake.

Leo kabla ya tarawehe mwite pembeni. Mbele ya wageni atasema tu "hamna shida". Zitajeni kazi zote anazofanya, moja moja. Zile ambazo hukumwambia, ama mwondolee, ama ongeza mshahara, ama mwombe, na akikataa usimnunie.

Vyombo vya futari ya leo waachie wanao waoshe.