“Imekufa” au “ikakosa ishara”? Viambishi vya wakati katika kueleza hitilafu ya kompyuta

Mwisho wa mwaka wa masomo unapokaribia, sentensi moja husikika sana kati yetu wanafunzi wa Kindu: “Ekrani imekufa.” Anayeitamka huwa na kazi yake ya kumaliza masomo ndani ya mashine hiyo. Akiambiwa anunue ekrani nyingine, atalipia kitu kinachofika mjini kwetu kwa safari ndefu ya ndege, reli au mto. Katika makala hii ninataka kuonyesha kwamba sentensi hiyo ina upungufu wa kisarufi, na kwamba kuujaza upungufu huo ni hatua ya kwanza ya kuokoa kazi na fedha.

Tuanze na jina. Sisi tunasema ekrani, kwa kuwa tunasoma kwa Kifaransa. Vitabu vya Kiswahili vina skrini na kiwambo. Kiwambo hutokana na kitenzi kuwamba, yaani kuvuta ngozi juu ya ngoma hadi ikaze. Jina hili linatufundisha jambo: ngoma haijipigi. Kiwambo nacho hakitengenezi picha. Hupokea ishara kutoka kwenye kompyuta. Kwa hiyo giza si ushahidi wa kifo.

Sasa tutazame viambishi. Kiambishi -me- hutaja hali iliyobaki baada ya tendo: “imezimika”. Usemi wetu wa mtaani, “ekrani iko giza”, hufanya vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja unaosema giza lilikuja lini. Kiambishi -ka- hupanga matendo kwa zamu: “Niliwasha mashine, nembo ikaonekana, ekrani ikakosa ishara, feni ikaendelea kuzunguka.” Sentensi hii ya pili imekwisha kufanya nusu ya uchunguzi.

Sababu ni kwamba kompyuta huamka kwa hatua. Kwanza, programu ya msingi iliyomo katika bodi kuu (BIOS au UEFI) hupima kumbukumbu na kadi ya picha, kisha huonyesha nembo. Pili, hupakia mfumo wa uendeshaji. Tatu, mfumo huwasha draiva ya kadi ya picha, nayo hubadili ukubwa wa picha na idadi ya mara inavyochorwa kwa sekunde. Katika badiliko hilo giza la sekunde moja au mbili ni la kawaida. Likidumu, tuulize liliingia katika zamu ipi.

Kama nembo haikuonekana kabisa, tuchunguze vitu vya kushikwa kwa mkono. Taa ndogo ya ekrani inawaka? Ekrani imechagua mlango ule ule wenye kebo? Zima vyote, chomoa kebo, ichomeke tena hadi ikaze, au jaribu kebo nyingine. Ikiwa kompyuta ina kadi ya picha ya pekee, kebo iingie katika kadi hiyo, si katika bodi kuu. Mashine ikilia milio, ihesabu: kila mtengenezaji ana maana zake, na mara nyingi milio huelekeza kwenye kumbukumbu au kadi ya picha.

Kama nembo ilionekana, picha ikapotea baadaye, kebo na ekrani zimekwisha kujitetea kwa sehemu kubwa. Washa Windows katika hali salama, ambayo hutumia draiva rahisi ya picha. Picha ikibaki, punguza ukubwa wake, rudisha kasi kwenye 60 Hz, au ondoa draiva na kuiweka upya. Ekrani za zamani hukataa kasi zisizoziweza. Katika Linux, neno nomodeset likiongezwa kwenye mstari wa kuanzisha mfumo huzuia badiliko hilo la hatua ya tatu. Pia bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P: huenda picha inapelekwa kwenye ekrani ya pili ambayo haipo.

Kama feni nayo ilisimama, tatizo si picha bali umeme, na uchunguzi uhamie huko. Katika hali zote, usifungue ekrani yenyewe. Ndani yake chaji inaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Tena, giza la ekrani halifuti diski. Kazi iliyohifadhiwa inaweza kunakiliwa kwa kuunganisha ekrani ya rafiki, au kwa kuipeleka diski kwenye mashine nyingine.

Darasani tunajifunza -me- na -ka- kwa mifano ya hadithi za sungura. Ninapendekeza tuongeze mfano huu. Mwanafunzi akija na mashine yake, tusimwulize “ina nini?” Tumwulize: “Uliiwasha, ikafanya nini, kisha ikafanya nini?”