Hukumu Unayo, Fedha Huna
Maswali na majibu kuhusu madai ya biashara mkoani Singida

Vitunguu vya Singida huondoka soko la Misuna kwa malori kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Alizeti ya Iramba, Mkalama na Ikungi hukamuliwa, mafuta yakasafirishwa vivyo hivyo. Mzigo mwingi huenda kwa mali kauli: chukua leo, lipa ukishauza. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa zaidi sisi mawakili na watu wanaoishi kwa biashara hiyo.

Wakili, nilimpa mteja wa Dar magunia ya vitunguu kwa mali kauli. Hatukuandikiana, nina daftari langu tu. Kweli nina kesi hapo?

Unayo, mama. Sheria ya Mikataba inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Kazi ni kuyathibitisha. Lete daftari, lete ujumbe mliotumiana, lete miamala ya simu aliyokulipa kidogo kidogo, na umlete kijana aliyepakia mzigo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, maandishi ya kwenye simu hayakataliwi kwa sababu tu ni ya kwenye simu. Kwa hiyo usiyafute, wala usiuze simu hiyo. Siku nyingine andika kilo, usiandike magunia peke yake. Kukiwa na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, gunia lako na gunia lake ni vitu viwili tofauti, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo hapo.

Nifungue wapi shauri? Tunasikia kuna mahakama ya biashara.

Ipo. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ilianzishwa 1999, na masjala zake ziko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Imefanya kazi ya maana: kanuni zake za 2012 zinataka shauri limalizike ndani ya miezi 10, na kwa vyovyote lisipite 12, na mashahidi hutoa maelezo yao kwa maandishi kabla ya kuhojiwa. Lakini hiyo ni ya madai makubwa, ya mabenki na makampuni.

Wewe mlango wako ni Mahakama ya Mwanzo. Inapokea madai ya mkataba hadi shilingi milioni 30, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na ukomo ambao Mhimili wa Mahakama umejiwekea huko ni miezi 6. Madai yakizidi milioni 30, nenda Mahakama ya Wilaya. Huna haja ya kumfuata mteja Dar kufungua kesi ikiwa mlipatana Singida na mzigo ulikabidhiwa Singida.

Nimeshinda kesi, hakimu ameamuru nilipwe, na mdaiwa bado ananipita na gari lake. Hukumu ina maana gani sasa?

Swali hili ndilo linaloniuma, kwa sababu wengi hudhani siku ya hukumu ndiyo siku ya kulipwa. Hukumu hailipi yenyewe. Mdaiwa asipotoa fedha kwa hiari, wewe mshindi wa tuzo, yaani amri ya malipo itokanayo na hukumu, ndiye unayerudi mahakamani kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu.

Na mahakama haitazunguka mitaani kukutafutia mali yake. Katika maombi yako unataja kinachokamatwa: namba ya gari, akaunti na benki yake, mzigo ulioko ghalani, hata fedha ambazo mtu wa tatu anadaiwa naye. Amri ikitoka hupewa dalali wa mahakama, ambaye uteuzi, malipo na nidhamu yake viko chini ya kanuni za 2017. Mali ikiwa Dar, tuzo huhamishiwa mahakama ya huko ili ikazwe huko. Hapo gharama za safari huanza, na ndipo watu wengi wenye tuzo ndogo hukata tamaa.

Kisha huja vikwazo. Dalali akikamata lori, shemeji wa mdaiwa anajitokeza na pingamizi kwamba lori ni lake. Kadi ya gari itaangaliwa, ushahidi utasikilizwa, wiki zinapita. Au mdaiwa anakata rufaa na kukwambia mtaani kwamba kila kitu kimesimama. Si kweli. Rufaa yenyewe haisimamishi utekelezaji. Lazima aombe amri ya kusimamisha, na apewe.

Ukiona mapema kwamba mtu anauza mali zake ili akukimbie, usingoje hukumu. Mahakama ya Wilaya inaweza kuamuru mali izuiliwe kesi ikiwa bado inaendelea. Nafasi hii hutumika kidogo mno.

Haya ni matatizo ya watu wawili. Yanahusianaje na uchumi wa mkoa mzima?

Chukua mwenye mashine ya kukamua alizeti anayedai milioni 18 za mafuta aliyouza mwaka jana. Wakulima wanavuna, wanataka fedha taslimu, naye fedha zake ziko mfukoni mwa mtu mwingine. Mashine inalala. Mkulima wa kijijini, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani, anauza mbegu zake kwa mchuuzi kwa bei ya chini kwa sababu mnunuzi mmoja amepungua sokoni.

Sasa tazama upande wa mdaiwa. Kwa Kanuni za Mwenendo wa Madai, riba ya fedha za hukumu hadi zilipwe ni asilimia 7 kwa mwaka, isipokuwa wahusika walikubaliana kwa maandishi kiwango kingine kisichozidi 12. Mikopo ya benki kwa miaka ya karibuni imekuwa karibu asilimia 15. Kwa milioni 18, kuchelewesha mwaka mzima kunamgharimu 1,260,000. Kukopa benki ili amlipe mwenzake kungemgharimu 2,700,000. Akilipa haraka anapata hasara, akizungusha anafaidi. Anayeshindwa kesi anageuka mkopaji, na mwenye mashine anageuka benki bila kupenda.

Matokeo yake ni kwamba kila mmoja hufanya biashara na anaowajua tu: ndugu, jirani, wa kanisa moja au msikiti mmoja. Mteja mpya kutoka Mwanza mwenye bei nzuri anakataliwa. Hivyo ndivyo soko linavyodumaa.

Je, mahakama zikiwa na kasi, sisi wadogo tutakopeshwa kwa nafuu?

Si lazima, na hapa naomba tuwe waangalifu. India ilitunga sheria ya mabaraza maalumu ya kurejesha mikopo ya benki mwaka 1993. Mtafiti Sujata Visaria alipofuatilia mikopo ya benki moja kubwa aliona ulipaji umeboreka na riba ya mikopo mipya imeshuka kwa pointi 1 hadi 2 za asilimia. Habari njema. Lakini utafiti wa baadaye, ambao naye alishiriki, ulionyesha kuwa mikopo ilielekea zaidi kwa wenye mali nyingi, na wakopaji wadogo wakapunguziwa.

Kwa hiyo kasi ikiwekwa kwa benki peke yake, muuza vitunguu atabaki na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2020 kuhusu urahisi wa kufanya biashara, kabla haijasitishwa mwaka uliofuata, ilikadiria siku 515 za kudai mkataba Tanzania na 230 Rwanda. Kwetu kilichopimwa ni Dar es Salaam. Ningependa kuona hesabu ya Kiomboi, Nduguti na Manyoni, tena ianzie siku ya kufungua shauri hadi siku fedha inaingia mkononi, isiishie siku ya hukumu.

Mimi ndiye nadaiwa, wakili. Watauza nyumba yangu?

Nyumba unayoishi na familia yako hailengwi na ukamataji wa kawaida, kaka, isipokuwa uliiweka rehani mwenyewe. Vivyo hivyo zana za kilimo, ng'ombe na mbegu ambazo mkulima anazihitaji ili aishi. Ila usijifiche. Nenda mahakamani uombe kulipa kwa awamu kabla hujaitwa, kwa kuwa Mahakama ya Wilaya inaweza kumpeleka gerezani mdaiwa hadi miezi 6, na akitoka deni liko pale pale.

Serikali ibadili nini kwanza?

Ile asilimia 7. Ipandishwe ifanane na riba ya soko, na wadaiwa wengi watalipa bila dalali kutumwa. Pili, tuzo ndogo ya Mahakama ya Mwanzo ihamishiwe mkoa mwingine kwa mfumo wa kielektroniki, mshindi asilazimike kupanda basi la Dar akiwa na bahasha.

Wakati tunasubiri, kila unapotoa mzigo kwa mali kauli, ongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya makabidhiano, nyote wawili mtie saini: "Tukifikishana mahakamani, fedha za hukumu zitatozwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka hadi zitakapolipwa zote."