KUMKANDA MBWA WA NYUMBANI

Wengi wetu humfunga mbwa mchana kutwa, jioni tukamrushia ugali, basi. Kumbe mbwa akikandwa hutulia, tena humzoea zaidi anayemfuga.

Mwache aje kwa hiari yake, alale. Anza shingoni na nyuma ya masikio, kisha ushuke mabegani na kando ya uti wa mgongo. Usikandamize mfupa. Dakika 5 au 10 zatosha. Akinguruma au akikaza mwili, acha mara moja!

Faida kubwa ni hii: vidole hugundua yaliyofichwa na manyoya, yaani kupe, uvimbe au kidonda, apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Jaribuni leo jioni, mtauona ukilambwa.