Somo la Mwezi: Kujihesabia Maneno Mkutanoni

Somo letu la mwezi huu halihitaji kitabu. Lahitaji penseli, kipande cha karatasi, na moyo wa kuvumilia aibu kidogo.

Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, kazi yangu mojawapo ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na kumwangalia mwanachuo akifundisha. Tulitumia njia ya Mmarekani Ned Flanders, ambaye kitabu chake juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1970. Kila baada ya sekunde 3 mwangaliaji huandika tarakimu moja. Tarakimu 1 hadi 7 maana yake mwalimu anasema: anasifu, anauliza, anaeleza, anaamuru, anakemea. Tarakimu 8 na 9, mwanafunzi anasema. Tarakimu 10 ni kimya au fujo. Flanders aliona kwamba katika darasa la kawaida theluthi mbili za wakati kuna mtu anayesema, na theluthi mbili za maneno hayo ni ya mwalimu. Wanachuo walipooneshwa karatasi zao walibisha, wengine wakanuna, nami nikawacheka. Miaka yote ile haikunijia kujiandikia karatasi yangu mwenyewe.

Sasa nimestaafu, naishi katika kijiji kimoja kando ya Ghuba ya Chole, huku Mafia. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, basi nami nahudhuria. Nahudhuria na kusema. Mwalimu akisimama watu hunyamaza, na kimya kile nilikidhani ni kukubaliwa.

Mwaka mmoja tulikuwa na shauri la kufunga mwamba wa pweza kwa miezi 3. Jambo lenyewe ni jema. Maisha ya pweza ni mafupi, lakini hukua upesi sana. Ukimwacha miezi michache tu uzito wake huongezeka ajabu. Huko Andavadoaka, Madagaska, wavuvi walianza kufunga miamba namna hii mwaka 2004, na baadhi ya vijiji vya pwani yetu vimeiga. Ilibaki kuamua siku ya kufungua. Nikasimama, nikapendekeza tarehe mosi ya mwezi, kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Bibi mmoja aliyeketi pembeni ya mkeka akainua mkono. Alipofika, "Mwalimu, hiyo tarehe mosi...", nikadhani nimekwisha mwelewa, kwamba anaogopa kusahau. Nikamweleza kwa upole kuwa tangazo litabandikwa ofisini. Akaketi. Watu wakapiga makofi.

Tarehe mosi ilifika mwezi ukiwa nusu. Mzaliwa wa pwani anajua maana yake: maji mafu. Bamvua huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndipo maji hutoka mbali na mwamba ukawa wazi. Wanawake, ambao huchokoa pweza kwa miguu na kijiti mkononi, walisimama ufukweni na vikapu vyao wakiutazama mwamba uliofunikwa na maji. Wanaume wenye miwani walizamia. Bamvua lilipokuja, yapata siku 7 baadaye, pweza wakubwa walikuwa wamekwisha uzwa. Nilimwendea bibi yule kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwalimu, nilitaka kuuliza mwezi utakuwa na siku ngapi. Lakini ulikwisha nijibu."

Jioni ile nikatoa daftari. Nilichora safu 4. Kila nisemapo mkutanoni natia mstari katika moja ya safu 3 za kwanza: swali, jibu, au kurudia lililokwisha semwa. Nikianza na neno "lakini", mstari ule naukata kwa kistari kidogo. Katika safu ya nne naandika nani amesema baada yangu.

Katika mikutano 4 nilisema mara 23. Mara 14 nilianza kwa "lakini", hata pale nilipokuwa nikikubaliana na msemaji! Maswali yalikuwa 5, na jibu la 3 kati ya hayo nalijua kabla sijauliza. Hayo ni maswali ya mwalimu, si ya mtu atakaye kujua. Safu iliyoniumiza zaidi ni ya nne. Mara nyingi hakusema mtu yeyote. Mwenyekiti alifunga shauri. Mwenye Biblia karibu na afungue Mithali 18:13. Nimeifundisha Jumapili nyingi bila kujua nani anayesemwa.

Dawa moja nimeipata kwa mtafiti Mary Budd Rowe, Mmarekani pia, ambaye katika miaka ya 1970 alipima kimya cha walimu. Mwalimu akisha uliza, alikuta, hungoja yapata sekunde 1 tu. Walipozoezwa kungoja 3, majibu ya watoto yakawa marefu, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3 ni nyingi kuliko unavyofikiri. Jaribu leo mezani kwako.

Ila nisiwadanganye. Safari moja nilinyamaza makusudi ili karatasi yangu iwe safi, na hesabu ya fedha za kamati ikapita na kosa la kujumlisha nililoliona kwa macho yangu. Hicho nacho kilikuwa kiburi. Nimeongeza safu ya tano: niliyopaswa kusema nisiyaseme.

Tulipofunga mwamba mara ya pili niliuliza siku gani yafaa kufungua, kisha nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Nilifika tisa. Bibi yule ndiye aliyeanza, wenzake wakafuata, wakahesabu mwezi kwa vidole hadi wakapata bamvua la asubuhi. Karatasi yangu ya siku ile ina mistari 2: swali lile, na ombi kwamba katibu asome tena siku iliyoandikwa, kwa sababu masikio yangu yamekuwa mazito.