Dereva au Kiendeshi? Istilahi za Karakana katika Mazingira ya Garsen

Mjini Garsen, katika Kaunti ya Tana River, Kiswahili ndicho huwakutanisha Wapokomo, Waorma, Wardei na wasafiri wa barabara ya Malindi kwenda Lamu. Ndicho pia ambacho fundi humwelekezea mwanagenzi wake. Makala haya yanachunguza istilahi za kazi moja ndogo: kubadilisha saketi ya kuendeshea mota katika mashine ya kuchonga mbao, iliyoundwa nyumbani na kuongozwa kwa kompyuta.

Mota ya mashine hiyo haizunguki mfululizo kama ya feni. Husogea hatua kwa hatua, kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kila hatua. Kuiita “mota ya hatua” hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye saketi. Wepesi wa kutohoa hutoa “dereva”. Lakini dereva ni mtu, na “dereva ameungua” ni habari ya kuogofya. Ukisema “dereva imeungua”, umevuruga upatanisho wa kisarufi. “Kiendeshi” kinafaa zaidi: kimenyambuliwa kutoka endesha kama kiunganishi kilivyotoka unganisha na kivumishi kutoka vumisha.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni neno “umeme”, au “stima” kama wasemavyo wengi nchini Kenya. Neno hilo hubeba volteji, mkondo na nguvu kwa pamoja. Chukua viendeshi viwili vinavyotumika sana, A4988 na DRV8825. Vikiwa na vikinzani vya omu 0.1, cha kwanza huhitaji volteji rejea ya volti 0.8 ili kupitisha mkondo wa ampea 1. Cha pili huhitaji volti 0.5 tu. Mwanagenzi akiambiwa “acha umeme ulivyokuwa”, ataacha volti 0.8, na kiendeshi kipya kitapitisha ampea 1.6. Katika joto la Tana, bila feni, hakitadumu.

Maelekezo ya mahali nayo yana mtego. Skrubu ndogo ya kurekebishia imo upande mmoja kwenye A4988 na upande wa pili kwenye DRV8825. Hivyo “skrubu ikae ilipokuwa” ni agizo la kuunguza. Agizo salama hutaja pini: pini yenye herufi EN iingie katika tundu la EN, mashine ikiwa imezimwa. Mota nayo isichomolewe kamwe umeme ukiwa unapita (hapa neno “umeme” halina madhara).

Hatua moja hugawanywa katika “vihatua”: 16 kwa A4988, hadi 32 kwa DRV8825. Idadi hiyo isiporekebishwa katika programu, mchoro wa sentimita 20 hutoka wa sentimita 10, na ubao wa mvule umekwisha kuharibika. Malindi, mji mkubwa wa karibu wa kuulizia vipuri, uko zaidi ya kilomita 100.