Anga Bila Wingu, Jua Pungufu

Tuchukue siku isiyo na wingu hata moja, jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Nje ya angahewa, mita moja ya mraba iliyolielekea jua hupokea takriban wati 1,361. Ardhini hazifiki zote. Zinaishia wapi?

Tuanze na hewa kavu isiyo na vumbi. Hata hiyo hupunguza jua, kwani molekuli zake hutawanya miale, hasa ya buluu, ndiyo maana anga ina rangi hiyo. Ongeza mvuke wa maji, unaofyonza sehemu ya joto la jua. Ongeza vumbi, moshi na chumvi ya bahari. Kila kimoja hukata kwa namna yake, na kuvipima kimoja kimoja ni kazi ya kuchosha.

Mwaka 1922 Mjerumani Franz Linke alipata njia ya mkato: zingehitajika angahewa ngapi safi na kavu, zikipangwa moja juu ya nyingine, ili jua lipungue kama lilivyopungua leo? Jibu ndilo kigezo cha Linke. Hewa safi ya baridi hupata kama 2. Yenye joto na unyevu, au moshi wa mji, 4 hadi 6, pengine zaidi. Kwa jua letu la nyuzi 30, kigezo 2 huacha wati 950 hivi za miale inayokuja moja kwa moja. Kigezo 5 huacha 560 hivi, na wingu bado hakuna!

Sehemu ya wati zilizokosekana hutufikia zikiwa zimetawanyika, kutoka kila upande wa anga. Paneli za kawaida huzitumia. Vioo vya kukusanya jua, kama vya Ouarzazate, Moroko, haviwezi.

Kigezo kikiwa nambari moja tu, huchoreka kwenye ramani. Mwaka 2003 Jan Remund na wenzake walitoa ramani za kigezo hicho kwa dunia nzima, moja kwa kila mwezi, kwa vipande vya kama kilomita 9 kwenye Ikweta. Vituo vya ardhini vya kupima jua ni vichache mno, kwa hiyo walichanganya vipimo vyake na data za setilaiti. Mwinuko nao una hesabu yake: aliye mlimani ana hewa kidogo juu yake.

Ila wastani wa mwezi hauijui siku. Vumbi la Sahara likivuma Niger mwezi Januari, leo si kama jana. Kwa makadirio ya mwaka, ramani inatosha. Anayejenga mtambo wa vioo aweke kipimo chake palepale, walau mwaka mzima.